Pleya ya santuri inaruka watoto wakikimbia, ninunue miguu gani?

"Assalaam alaykum fundi. Mie nakaa Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa ya kwanza, nyumba ya zamani ya boriti. Marehemu baba kaniachia santuri nyingi za taarabu, ndogo za 45 na kubwa za LP, nikanunua pleya ya mkanda (sahani inazungushwa na mkanda wa mpira), uzito wake kilo 6. Nimeiweka juu ya kabati la mninga pamoja na spika mbili, na sabufa ipo chini pembeni ya kabati. Watoto wakikimbia sindano inaruka. Na nikiongeza sauti kupita nusu unaanza mvumo mzito, uuuu, unakua mpaka nipunguze. Muuza duka anasema ninunue miguu minne ya shaba yenye ncha, rafiki yangu anasema ya springi, mjomba anasema nikate tairi la gari niweke chini. Na je, amplifaya nayo iwekewe miguu? Pesa si nyingi, sitaki kununua mara mbili."

Waalaykumu salaam dada yangu, Mungu amrehemu mzee. Nimefurahi umeuliza kabla hujanunua, maana sindano ikiruka haikuharibii wimbo tu, inakwaruza mfereji wa santuri, na nyingi ya hizo 45 za taarabu ukishaziharibu huzipati tena dukani. Kwa hiyo kwanza kabisa, mpaka umalize kusoma hapa, watoto wakiwa wanacheza usipige santuri, piga wakilala.

Nilivyokuelewa unaona una tatizo moja linaloitwa mtetemo na unatafuta miguu ya kulitibu. Mi nasoma magonjwa mawili hapo, na dawa zake hazifanani. Moja ni ule mvumo unaokua ukiongeza sauti. La pili ni sindano kuruka watoto wakikimbia. Miguu mizuri inatibu la kwanza vizuri sana. La pili miguu peke yake mara nyingi haitibu, na miguu ya aina fulani inalizidisha kabisa, na hiki ndo kitu ambacho madukani hawakwambii, sio kwa ubaya, wengi hawajui.

Tuanze na mvumo. Umeshawahi kuona msikitini au harusini maiki ikisogezwa karibu na spika inapiga yowe? Basi ndo hicho hicho. Sindano yako ni maiki. Kazi yake ni kusoma mtikisiko kwenye mfereji ambao upana wake ni kama wa unywele, na vile vijisauti vidogo vya mwisho ni mitikisiko midogo chini ya elfu moja ya milimita, sasa sindano haina akili ya kujua huu mtikisiko umetoka kwenye santuri na huu umetoka kwenye kabati, yenyewe inasoma yote. Spika inapiga besi, besi inatikisa kabati, kabati linatikisa pleya, sindano inausoma mtikisiko, amplifaya inaukuza, spika inaupiga tena mkubwa zaidi, na mzunguko unaendelea hivo mpaka unaposhika kitufe cha sauti. We umeweka maiki na spika juu ya ubao mmoja, dada yangu, kabati la mninga ni zuri ila hapo linafanya kazi ya waya.

Kabla hujatoa hata shilingi fanya jaribio hili. Weka santuri usiyoipenda sana, usiwashe mota, shusha sindano juu ya santuri iliyosimama, weka sauti unayosikilizia siku zote, afu gonga kabati taratibu kwa kidole. Utasikia "duu" kwenye spika. Hiyo duu ndo njia ya mtetemo, na ukibadilisha kitu chochote rudia jaribio hili hili usikie kama imepungua. Sasa nyanyua sindano juu bila kugusa sauti. Kama mvumo wa chini bado upo hata sindano ikiwa hewani, huo sio mtetemo, mara nyingi ni waya wa ethi wa pleya haujafungwa kwenye amplifaya au plagi zimelegea, na hakuna miguu duniani itakayouondoa, hata ununue ya dhahabu.

Halafu jaribio la pili, la bure vilevile: shusha spika zote mbili kutoka kwenye kabati, ziweke juu ya viti au stuli upande wa pili, na sabufa isogeze mbali na kabati, isiwe kwenye kona. Ongeza sauti polepole. Nina uhakika mkubwa sauti itapanda zaidi kabla mvumo haujaanza, na inawezekana mvumo ukaisha kabisa kwa sauti unayoitaka wewe. Watu wananunua miguu ya bei ya pleya yenyewe wakati dawa ilikuwa stuli mbili.

Sasa miguu yenyewe inafanyaje kazi. Hapa nivumilie kidogo kwa sababu ukishalielewa hili hutadanganywa tena na mtu.

Chukua kufuli, lifunge kwenye lastiki ndefu ya sketi, ushike upande wa juu lining'inie. Sogeza mkono juu na chini polepole sana: kufuli linakufuata, linapanda na kushuka na mkono wako, lastiki haijazuia kitu. Ongeza kasi kidogo kidogo. Utafika mahali kufuli linaanza kuruka kuliko mkono wako, mkono unasogea sentimeta moja kufuli linasogea kumi. Ongeza kasi zaidi, mkono utetemeke harakaharaka: kufuli linatulia palepale karibu halisogei. Ndo miguu yote ya kuzuia mtetemo ilivyo, ya elfu kumi na ya milioni. Mguu ni lastiki, pleya ni kufuli, sakafu ni mkono wako. Mtetemo wa polepole unapita wote, mtetemo unaolingana na mdundo wa asili wa springi unakuzwa, na wa haraka zaidi ya hapo unazuiwa. Kuzuia kunaanza pale mtetemo ukishakuwa haraka mara 1.4 ya mdundo ule wa asili, ukifika mara mbili inapita theluthi, ukifika mara tatu inapita moja ya nane, na unavyozidi kwenda juu inapita kidogo zaidi.

Kwa hiyo swali lote la kununua miguu ni moja tu, mdundo wa asili wa mguu huu ukibeba mashine yangu ni ngapi? Na uzuri wake huhitaji maabara, unahitaji rula. Pima mguu urefu bila mzigo, pima tena ukiwa na mzigo, uone umeshuka milimita ngapi. Chukua 16 gawanya kwa kipeuo cha pili cha hizo milimita (kipeuo cha pili cha 4 ni 2, kwa sababu 2 mara 2 ni 4). Ukishuka milimita 1 mdundo wake ni 16 kwa sekunde, yaani hezi 16. Ukishuka milimita 4 ni hezi 8. Ukishuka milimita 10, sentimeta nzima, ni hezi 5. Na ule ambao haushuki hata ukaona kwa macho, tuseme sehemu ya kumi ya milimita, ni hezi 50, na hiyo ndo besi yenyewe, yaani umenunua kitu cha kukuza besi kwenye pleya. Kwa mpira ongeza kidogo kwenye jibu kwa sababu mpira ukitikiswa haraka unakuwa mgumu kuliko ukikaliwa tu, lakini kwa springi ya chuma hesabu inakuja karibu sana na ukweli.

Mguu usioshuka haujazuia kitu. Ukitoka dukani na jambo moja utoke na hilo.

Kingine ni uzito. Umeshapanda lori tupu kwenye barabara mbovu? Linavyorusha. Lori lilelile likipakia saruji linatembea kama mashua. Springi hazijabadilika, mzigo umebadilika. Miguu nayo imetengenezwa kwa mzigo wake, ndo maana kampuni zinazojitahidi kama IsoAcoustics ya Kanada zinauza miguu kwa madaraja ya kilo, na anayenunua ya daraja kubwa akidhani kubwa ni bora anaishia na lori tupu. Vile vimpira vinene vya kuweka chini ya mashine ya kufulia vimetengenezwa kwa mashine ya kilo 60 au 70, chini ya pleya ya kilo 6 ni mawe. Upande mwingine ukizidisha mzigo springi inagota chini, koili zinagusana, hapo nayo imekuwa chuma kitupu.

Na kuna shokapu. Gari lenye springi nzima lakini shokapu zimekufa likipita tuta linaendelea kuyumba mita hamsini mbele. Springi ya chuma peke yake ni hivo, ikiguswa inacheza na haitaki kutulia. Mpira laini una shokapu ndani yake, unameza. Ndo maana miguu mizuri ya springi ina kipande cha mpira au sponji pembeni au ndani ya koili. Ukiminya pleya kidogo kwa kidole na kuachia, ikicheza mara mbili tatu ikatulia ni sawa, ikiendelea kuyumba kama bembea hiyo itakusumbua.

Sasa tuwarudie washauri wako watatu.

Miguu ya shaba yenye ncha haishuki kabisa. Inaigandisha pleya kwenye kabati, kila linachofanya kabati pleya inafanya. Miguu ya ncha ina kazi yake, spika nzito ya kusimama ukiiweka kwenye zulia nene inayumba, ncha zinapenya zulia zikakamata sakafu na spika inatulia, hapo ni sahihi (na kwenye vigae weka sarafu chini ya kila ncha usije ukatoboa kigae). Lakini kwa tatizo lako wewe haitakusaidia mvumo wala watoto. Usinunue, hata akikupunguzia.

Mjomba ana wazo zuri kwenye kitu kibaya. Tairi la gari limetengenezwa kubeba mamia ya kilo kwa gurudumu, lina nyuzi na waya ndani. Kata kipande uweke paketi ya sukari kilo mbili juu yake uone kama kitashuka. Hakishuki. Mpira unaotakiwa ni laini, ule ukiuminya kwa kidole unaingia.

Rafiki wa springi ndo yuko karibu na ukweli kwa upande wa mvumo. Springi inayoshuka sentimeta moja, hezi 5, besi ya hezi 50 ikija iko mara kumi juu yake, kwa hesabu inapita sehemu moja katika mia, na hata ukitoa kile kinachopotea kwa shokapu bado ni nafuu kubwa sana. Ila kwa watoto wako sasa, hapa ndo nikasema kuna dawa inayozidisha ugonjwa.

Mtoto anayekimbia anakanyaga mara mbili tatu kwa sekunde, na kila hatua inaigonga sakafu nayo sakafu inacheza kwa mdundo wake. Sakafu ya kwako najua ilivyo, boriti za mikoko zimelazwa karibukaribu, juu yake mawe na chokaa. Ndo maana vyumba vya nyumba zile ni vyembamba, mita 3 hivi, kwa sababu boriti haiwezi kuruka nafasi kubwa zaidi ya hapo. Ni sakafu nzito lakini sio ngumu kama zege, inapinda kidogo ukikanyaga katikati. Mtikisiko wake ni wa polepole, mara chache tu kwa sekunde, yaani eneo lilelile la mdundo wa springi zako. Kumbuka kufuli kwenye lastiki pale lilipokuwa linaruka kuliko mkono. Na mkono wa pleya wenyewe, ule unaobeba sindano, una mdundo wake wa asili ambao kwa pleya iliyopangwa vizuri uko kati ya hezi 8 na 12, kwa hiyo mtikisiko wowote unaofika eneo hilo sindano inauona kama tetemeko. Ukiweka springi za hezi 5 juu ya kabati lililo juu ya sakafu inayocheza kwa hezi 5 au 6, mtoto akipita pleya inapiga mbizi. Mteja wangu mmoja wa ghorofani alinipigia simu akidhani nimemuuzia springi mbovu, springi zilikuwa nzima kabisa, ila mahali ndo palikuwa pabaya, na kosa lilikuwa langu kwa sababu sikumuuliza sakafu yake ni ya nini.

Anayekaa chini kwenye zege lililomwagwa juu ya ardhi, nyumba nyingi za Dar na Nairobi, hana shida hii, zege halichezi, yeye aweke springi alale. Wewe huwezi kumnakili.

Dawa ya watoto ni kuitoa pleya kwenye sakafu. Una bahati moja ambayo mtu wa nyumba ya tofali za inchi 6 hana, kuta zako ni za matumbawe na chokaa, nene, nzito, mtoto hata aruke kamba hazitikisiki. Kama sebule yako ina daka, hizi shubaka za ukutani, lipime kina. Pleya nyingi zina kina cha sentimeta 35 hivi, Technics SL-1200MK2 kwa mfano ni sentimeta 36 na upana 45, pima na ya kwako ukiacha nafasi ya nyaya nyuma na ya kufungulia kifuniko. Daka likitosha na halipo kwenye kona kabisa (besi inajazana konani), weka pleya humo na tatizo la hatua nadhani utalisahau.

Daka lisipotosha, rafu ya ukutani. Chuma au mbao ngumu yenye mabano mawili imara, isiwe pana kuliko inavyohitajika. Ila tahadhari na ukuta ule: plasta yake ya chokaa ni laini na inabomoka, drili ikiwekwa kugonga inatoboa shimo la panya. Drili izunguke tu isigonge, ipite plasta mpaka ikute jiwe, na skrubu ziwe ndefu. Mpe kazi fundi aliyezoea nyumba za Mji Mkongwe, sio yule wa zege. Na rafu isifungwe kwenye ukuta mwembamba wa mbao uliogawa chumba baadaye, huo unatikisika kuliko hata sakafu.

Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki mashimo, basi hamisha kabati. Shuka kwa jirani wa chini uombe kutazama dari lake uone boriti zimelala upande gani. Ncha za boriti zimeingia kwenye kuta mbili, na hapo karibu na ncha sakafu haichezi kama katikati. Kabati liegemee mojawapo ya kuta hizo, lisimame kwa miguu yote minne bila kuyumba, na lisiwe kwenye njia ya watoto. Hii haimalizi ila inapunguza vizuri, na ni bure.

Ukishafanya hayo ndo tunafika kwenye miguu, na sasa itafanya kazi yake. Pleya ya kilo 6 ni nyepesi, miguu minne kila mmoja unabeba kilo moja na nusu tu, na springi laini chini ya mzigo mwepesi inayumbayumba ukigusa. Mi ningefanya hivi: nenda kwa mafundi wa kaunta za granaiti uombe kipande kilichobaki, sentimeta 45 kwa 40, unene 2, waking'arishe kingo. Kina kilo 10 hivi. Pleya juu ya granaiti, granaiti juu ya miguu minne. Sasa jumla ni kilo 16, kila mguu kilo 4, na unatafuta mguu ambao ukibeba kilo 4 unashuka milimita 5 mpaka 10. Chukua paketi mbili za unga za kilo mbili mbili na rula uende nazo dukani, weka juu ya mguu mmoja na kijibao, pima palepale. Muuzaji akicheka acha acheke. Kuna miguu inauzwa yenye springi ndogondogo kadhaa ndani ya kikombe unazoweza kuzitoa na kuzirudisha, hiyo ndo nzuri kwa mtu anayejaribu kwa sababu ikiwa haishuki unatoa springi moja. Kwenye rafu, hakikisha mabano yanabeba kilo 16 na zaidi, mwambie fundi uzito kabla hajachagua skrubu. Na ukibaki na kabati sakafuni usiende laini hivo, chukua mpira laini unaoshuka milimita 1 au 2, unatibu mvumo bila kucheza na hatua za watoto.

Pleya haina uzito sawa kila kona, mota iko upande mmoja. Weka mizani ya jikoni chini ya kona moja na kona nyingine vibao vya urefu uleule, soma, zunguka kona zote nne. Kona nzito ipewe springi ya ziada au mguu usogezwe karibu nayo. Afu pimamaji juu ya sahani ya pleya, pande mbili, mpaka povu likae katikati, kwa sababu pleya iliyoinama mkono unateleza upande mmoja na hiyo nayo inarusha sindano.

Sorbothane utaisikia sana, ni aina ya mpira mzito unaokaribia kuwa kama jeli, unameza mtikisiko vizuri kweli. Masharti yake ni mawili, lazima ukandamizwe kati ya asilimia 10 na 20 ya unene wake, ukiwa mkubwa kwa mzigo haufanyi kitu, na usikae moja kwa moja kwenye mbao yenye polishi, unaacha doa la mafuta, na mninga wako utaulilia. Weka kijisahani katikati.

Na ikiwa pesa ni ya kubana kabisa, tyubu ya baiskeli ya mtoto, inchi 12, ilaze juu ya ubao, weka granaiti juu, ijaze upepo kidogo tu, kiasi cha kunyanyua granaiti isiguse chini. Upepo ni springi laini sana. Tabu yake inavuja, kila wiki pimamaji na pampu. Hii pia ni ya daka au rafu, sio ya kabati juu ya sakafu inayocheza.

Vitu viwili vidogo vinavyoharibu kazi yote hii. Nyaya: waya mgumu uliokazwa kutoka kwenye pleya kwenda amplifaya unapitisha mtetemo pembeni ya miguu, uache ulegee na ujikunje. Na kifuniko cha plastiki: sauti ya hewani inakipiga kama tanga, miguu haioni kitu hicho kwa sababu hakijapita chini. Ukipiga santuri kivue kabisa, ukimaliza kirudishe kwa ajili ya vumbi na chumvi ya bahari.

Amplifaya yako kama ni ya transista usiiwekee kitu, haisikii mtetemo, miguu iliyokuja nayo inatosha. Simu, kisimbuzi, hivo hivo. Ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani, ni habari nyingine, ukigonga valvu kwa kalamu unasikia "ting" kwenye spika, hiyo inastahili mpira laini. Pleya ya CD inajirekebisha yenyewe, acha. Pesa ya miguu ya amplifaya peleka kwenye sindano mpya. Sabufa ndo ingefaidika, maana hiyo ndo inayozalisha mtikisiko, mpira laini au sponji ngumu chini yake, ishuke kidogo, jirani wa chini atakushukuru. Hatasikia kimya, sauti ya hewani inapita dari, ila ule mgurumo unaoingia kwa miguu ya sabufa kwenda kwenye boriti utapungua. Kama spika ya sabufa inatazama chini, acha nafasi ileile iliyoachwa na kiwanda.

Angalia pia kama pleya yako haina springi zake ndani. Pleya kama Thorens TD 160 au Linn LP12 sahani na mkono vinaning'inia kwenye springi tatu, ukiminya sahani taratibu inazama na kurudi. Ikiwa hivo usiweke springi juu ya springi, zitapigana, rafu ya ukutani peke yake inatosha. Nyingi za mkanda za bei ya kawaida hazina. Technics walienda njia nyingine, ile MK2 ya mwaka 1979 wakaijaza chini mpira mzito ikafika kilo 12 na nusu, ndo ikaweza kukaa disko mbele ya spika kubwa. Uzito nao ni dawa, na ndo kazi ya ile granaiti.

Kabla ya yote, pima uzito ambao sindano inakandamizia santuri, kwa mizani yake ndogo. Katriji, yaani kile kijisanduku kinachoshika sindano kwenye ncha ya mkono, nyingi zinataka kama gramu 2, karatasi yake itakwambia. Ikiwa moja na robo kwenye katriji ya mbili, itaruka hata paka akipita. Hapo ndo pa kwanza pa kumwita mtu anayejua aje aone kwa macho, kupanga katriji kwa maelezo ya maandishi ni kazi na kuvunja sindano ni sekunde moja.

Pa pili pananitia wasiwasi zaidi kuliko muziki. Jiulize, sakafu ilikuwa inacheza hivi tangu zamani au imezidi? Boriti zinaliwa na mchwa na kuoza pale zinapoingia ukutani ambapo unyevu unakaa. Ukienda kutazama dari la jirani angalia unga wa mbao, boriti iliyopinda kuliko wenzake, nyufa mpya za chokaa, alama za maji. Ukiona chochote katika hivyo, acha habari ya pleya, ondoa vitu vizito katikati ya chumba, watoto wasiruke humo, na umwite mhandisi au fundi mkuu wa nyumba za zamani aje, na Mamlaka ya Mji Mkongwe waambiwe kwa sababu matengenezo ya nyumba hizo yanapita kwao.

Nikiwa na vipimo naweza kukuchagulia springi yenyewe. Niandikie kina na upana wa daka, uzito wa kila kona ya pleya kama ulivyousoma kwenye mizani, na aina ya katriji iliyoandikwa mbele ya kichwa cha mkono.